Amana ya Aliyeanguka

"Aliyeanguka ni mwanangu. Aliyeinuka simjui."

Maneno haya Bi Kaltham aliyasema mara ya kwanza nyumbani kwake Ibra, Omani, mbele ya televisheni, mkononi kashika kikombe cha kahawa kilichokwisha kupoa. Waliokuwepo walidhani ni uchungu tu unaosema, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini miaka ikapita, kahawa zikanywewa nyingi, na mama yule hakulirudisha neno lake. Mwanawe wa kiume, Badar, alikuwa hai, anakula, anatembea, anavaa viatu vya kuagizia kwa ukubwa wa miguu yake, na mama yake mzazi alikuwa akimwita "yule bwana".

Ndiyo maana Khamisa, dada yake Badar, asubuhi ile alikuwa amekamata usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyepata leseni jana. Walikuwa wanatoka Sur, anakokaa yeye na mumewe, wanakwenda Ibra kwa mama. Badar alikuwa kando yake, kiti kimesukumwa nyuma mpaka mwisho na magoti yake bado yanagusa mbele.

"Dada," alisema walipoipa bahari kisogo, "nataka radhi za mama kabla sijasahau kuwa ninazitaka."

Daktari alikwisha kusema. Ubongo wa Badar ulikuwa unanyauka kwa sababu ya kugongwa na kugongwa tena, mwaka baada ya mwaka, na kilichokwenda hakirudi. Leo alikuwa anakumbuka. Mwezi ujao, Mungu ndiye ajuaye. Na radhi ni bora kuliko mali, kila mtoto wa Kiswahili kafundishwa hivyo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Kumwacha ndugu yake apotelee kwenye usahaulifu bila ya radhi za mama, hilo Khamisa alikuwa haliwezi.

Sasa tumtazame huyu Badar ametokea wapi mpaka mama yake amkatae.

Baba yao alifariki Badar akiwa mtoto. Alikuwa mtoto mkubwa wa mwili, mkaidi, mla chakula cha watu watatu, na Bi Kaltham, mzaliwa wa Unguja mjini aliyekuja Omani msichana, akaona peke yake hamuwezi. Akampeleka Uingereza kwa Ami Khalaf, ndugu wa marehemu, aliyetorokea huko baada ya Mapinduzi na baridi ikamzoea. Mtoto akasome, arudi injinia. Basi Ami Khalaf akawa akipiga simu: hajambo, anakula vizuri, anacheza mpira. Na mama akawatangazia Ibra nzima kuwa mwanawe ni mcheza mpira, watu wakafikiri ni mpira wa miguu. Mpaka ilipokuja picha. Badar kasimama na matope mpaka kwenye nyusi, kakumbatia kitu kama yai la mbuni.

"Mpira gani huu?" mama aliuliza. "Na meno yake mawili yako wapi?"

Ilikuwa raga, ile ya watu kumi na watatu kila upande, inayochezwa kwenye miji ya kaskazini iliyofungwa viwanda. Uinjinia ukaishia hapo. Kabla hajafika miaka ishirini alikuwa na mkataba na klabu, na kwa miaka kumi na minne hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kama mwengine anavyokuwa karani au rubani.

Alikuwa akicheza mbele, katikati, mahali wanapopaita nguzo. Wenye mbio na sura nzuri huwekwa pembeni. Hao ndio wafungaji na ndio wapigwao picha. Nguzo huupokea mpira timu yake ikiwa imebanwa kwenye mstari wake, akainamisha kichwa, akawakimbilia wanaume watatu waliosimama wakimngojea, wakamwangusha. Akainuka, akauvuta mpira nyuma kwa mguu, akarudi kwenye foleni kungojea zamu yake nyingine. Kuanguka na kuinuka, ndiyo kazi yenyewe. Anayeanguka hatua mbili mbele zaidi kuliko mwenzake huhesabiwa kuwa ni bingwa, na Badar alikuwa bingwa.

Bi Kaltham hakuupenda mchezo, lakini hakukosa kuutazama. Khamisa alimtafutia njia ya kuupata kwenye televisheni, na kila mechi mama alikaa na tasbihi yake. Badar akianguka, mama husema, "Bismillahi." Badar akiinuka, mama husema, "Alhamdulillahi." Bismillahi, Alhamdulillahi, mpaka mchezo uishe. Majirani walikuwa wakija kumsikiliza mama kuliko kutazama mpira.

Ikaja siku mama alisema Bismillahi, na Alhamdulillahi haikuja. Badar aligongana kichwa kwa kichwa na mtu wa upande wa pili, akaenda chini kifudifudi, mkono mmoja umenyooka hewani haushuki. Mkono ule Khamisa anauona mpaka leo. Akalala. Watu wakamzunguka. Kisha akainuka kwa ghafla, akamsukuma daktari, akatembea akajipanga kwenye mstari. Mstari wa maadui. Kasimama baina ya wachezaji wa timu nyengine, kainama, yuko tayari, anawasubiri wenzake mwenyewe. Chumbani watu wakacheka. Hata mtangazaji alicheka. Kocha akamwacha acheze mpaka mwisho.

Mama hakucheka. Ndipo aliposema maneno yake.

Sasa, watu waliotoka Unguja na Pemba wana elimu yao, na wenyeji wa Omani wana yao, na katika jambo hili elimu hizi mbili zilikutana zikapeana mkono. Kule visiwani, mtu akichukuliwa na wachawi, mnachobaki nacho ni gogo la mgomba lenye sura yake. Mnalilia, mnalikafini, na mwenyewe yuko kwa hao wachawi analima. Huku Omani humwita mtu huyo mughayyab, yaani aliyefichwa, na wapo wanaoapa kuwa wamewaona wakipita kwenye mitende alfajiri. Bi Kaltham anasali sala tano na sunna zake, lakini hakuweza kungoja. Alikwenda mji wa Bahla kwa mtu mmoja anayesifika kwa mambo haya, na mtu yule akamwambia alichotaka kukisikia: mwanao yuhai, amefichwa, atarudi.

Mwaka uliofuata Badar akaja likizo. Naye Bi Kaltham akamwekea mtihani.

Tangu utoto, Badar alikuwa na pua. Udi wa mama yake, anaouchanganya mwenyewe kwa sukari, miski na mambo ambayo hakumfundisha hata Khamisa, mtoto yule alikuwa akiutambua kutoka mwanzo wa kichochoro. "Leo umezidisha ambari, mama," husema hata hajavua viatu. Basi siku ile mama akatia kwenye chetezo si udi, bali mvuje. Mvuje, kwa asiyeujua, ni uvundo unaofukuza mashetani. Ukifukizwa chumbani hata paka hutoka. Khamisa alikohoa mpaka machozi. Badar alikaa kwenye moshi ule, katulia, na mama akamwuliza, "Wauonaje udi wangu, baba?"

Badar akatabasamu. "Mzuri, mama. Kama zamani."

Mama akakitoa chetezo nje. Akamrudia Khamisa jikoni. "Jini angekimbia," alisema. "Mtu angekohoa. Yule si jini wala si mtu. Yule wamenletea mgomba."

Khamisa anasomesha sayansi skuli ya wasichana. Darasani ana kichwa cha plastiki kinachofunguka, na ubongo wake hutoka vipande vipande. Alisoma, akauliza, akajua kuwa kishindo cha kichwa huweza kuikata ile mishipa myembamba ya kunusia, na kwamba ndugu yake alikuwa amedanganya kwa haya tu, asimvunje moyo mama kwa kumwambia kuwa hasikii tena harufu ya udi wake. Akamweleza mama yote hayo kwa utaratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi wake.

"Enhe," mama alijibu. "Basi hata madaktari wanakiri kuna kitu kimetolewa."

Badar alicheza misimu mitano zaidi baada ya kuanguka kule, na Khamisa hakupata kumsikia akiusimulia hata mchezo mmoja wa misimu hiyo. Ya kabla alikuwa akiyajua yote, matope ya uwanja gani, nani kamng'ata nani. Ya baada, hakuna. Mkewe, Maram, binti wa watu wa Nizwa, alivumilia kisha akarudi kwao. Hakuwa na ubaya. Alimpigia simu Khamisa akalia, akasema, "Huyu n'naekaa naye si yule alonioa. Sijui n'seme vipi. Si yule." Na Maram alikuwa hajapata hata siku moja kukisikia kisa cha mvuje.

Kisha klabu ikamwacha, mwili ukachoka, Ami Khalaf akafariki, na Badar akaja Sur kukaa kwa dada yake. Chumba cha wageni kikawa chake. Alikuwa mpole, isipokuwa siku ambazo hakuwa mpole, na siku hizo Khamisa alikuwa akiwapeleka watoto kwa jirani. Mchana wa jua kali alikuwa akisimama kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba, ameuelekea ukuta, bega limeinamishwa, anangoja. Hapigi, hasemi. Anangoja tu, mpaka Khamisa amshike mkono amwambie, "Twende tukale."

Alasiri moja Khamisa alimwekea mchezo wa zamani, wa kabla ya kuanguka, akidhani utamfurahisha. Badar akautazama kwa makini. Nguzo wa timu yake alikuwa akiwachukua wanaume watatu mgongoni kama mtu aliyebeba magunia. Badar akatikisa kichwa kwa kusifu.

"Hodari yule," alisema. "Yule namba nane. Alikuja kusalimika?"

Khamisa alifikiri anafanya mzaha. Alipomgeukia, uso wa ndugu yake ulikuwa unangoja jibu.

Tangu siku hiyo Khamisa akawa anaogopa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Si kwamba aliamini. Mwalimu wa sayansi haamini migomba. Lakini alikuwa akimpelekea chai ndugu yake, akamkuta amekaa na mikono mapajani, akajikuta anagonga mlango ulio wazi, kama mtu aingiaye kwa mgeni.

Basi, safari. Al Qabil walisimama, Khamisa akamnunulia chai ya maziwa, wakaketi kwenye gari mlango wazi wakiitazama mitende. Alikuwa na mpango. Mama hashindiki kwa sayansi; atashindwa kwa kumbukumbu. Liko jambo moja walijualo watu watatu tu duniani: mama, Badar na yeye.

"Haya, niambie tena," alisema. "Siku ya Idi."

"Siku ya Idi," Badar akaanza, kama mwanafunzi. "Mama alinivisha viatu vipya. Kimoja kikaanguka kwenye mfereji wa falaji. Maji yakakichukua. Nikaruka nikakifuata mpaka chini ya daraja, nikatokea upande wa pili nacho mdomoni."

"Mdomoni. Hilo usilisahau. Na mama?"

"Mama alinipiga kofi. Kisha akanibusu palepale aliponipiga." Akagusa shavu. "Hapa."

"Vizuri," alisema Khamisa, na moyo ukamruka kwa tamaa. Alikisema kisa kizima bila ya kukosea. Mpaka wanaingia Ibra alikirudia mara nyengine mbili.

Bi Kaltham alikuwa amekaa kwenye godoro lake la majilisini, sebule ya wageni, miguu imevimba, kanga mabegani, chetezo pembeni. Alikuwa amekonda. Khamisa akambusu mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na yule bwana mkaribishe ndani, asisimame mlangoni kama mdai."

Badar aliinama kupita mlangoni, akaja akakaa chini kwa taabu, magoti yakilalamika. "Shikamoo," alisema.

"Marahaba, baba. Karibu kahawa."

Wakanywa, wakala tende. Mama akauliza habari za Sur, za mume, za watoto, za samaki. Hakukosa adabu hata chembe. Mgeni yeyote angeondoka akimsifu. Khamisa ndiye aliyeshindwa kustahamili.

"Mama, ana jambo anataka kukukumbusha. Haya, Badar. Sema."

Badar akaweka mikono mapajani. "Ilikuwa Idi," alisema. "Nilivishwa viatu. Kimoja kikaanguka kwenye..." Akalitafuta neno. "Maji. Palikuwa na maji, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nikakikimbilia. Nikakipata, nikakikumbatia, wakaja watatu, wakanikaba. Nikaanguka." Akatazama viganja vyake. "Kisha... kisha sijui."

Bi Kaltham akamtazama bintiye, bila ya hasira.

"Umemfundisha," alisema. "Na hakushika."

"Mama, huyu mgonjwa! Kichwa chake kinamwondoka, mama! Kila siku kinamwondoka kidogo, na wewe unamtolea kahawa kama mgeni! Utakufa umemkataa mwanao, yu mbele yako?"

"N'takufa n'kimngoja," mama alisema. "Ndo kazi iliyobaki. Usinipigie kelele nyumbani mwangu, Khamisa."

Khamisa akainamisha uso. Yamekwisha, alisema moyoni. Alihisi hasira na huzuni kwa pamoja, na hakujua amkasirikie nani, mama, au Waingereza, au yeye mwenyewe aliyempa mtu asiye na kumbukumbu mtihani wa kumbukumbu.

Badar alimaliza kahawa yake. Akakitikisa kikombe kwa vidole viwili, kulia na kushoto, kama wafanyavyo watu wa huku kusema imetosha, akakiweka chini.

"Bibi," alisema. "Ni kweli. Mimi siye."

Khamisa akainua kichwa. Mama vilevile.

"Mimi siye. Lakini mwanao namjua. Nimecheza naye miaka mingi."

"Umecheza naye," mama alirudia, polepole.

"Alikuwa akivaa namba nane. Kwenye begi lake akiweka udi wako, kwenye kijifuko. Kabla hatujatoka uwanjani alikuwa akikaa pembeni, akikifungua, akitia pua, akivuta mara moja, akikifunga. Wenzetu wakimcheka. Baadaye wakawa wanamwomba nao wanuse."

Jambo hili Khamisa hakulijua. Wala hakupata kulisikia popote. Mama alikuwa amelishika godoro kwa mikono miwili.

"Kijifuko cha nini?"

"Cha kanga. Kipande cha kisutu."

Bi Kaltham akajifunika mdomo. Kisutu kile alikivaa siku ya harusi yake. Alikikata mwenyewe usiku wa kuamkia safari ya mtoto, akakishona bila ya kumwambia mtu. Khamisa akafungua mdomo. Alitaka kupiga kelele: huu ndio ushahidi, mama, huu hapa! Nani mwengine angeujua? Lakini alimwona mama yake anavyomtazama Badar, kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile anamtazama kwa imani, na imani yenyewe ilikuwa imesimama juu ya lile neno moja, siye. Ukiliondoa neno, na yote yanaanguka. Khamisa akayameza maneno yake.

"Kweli wamjua," mama alisema. "Yuko wapi?"

"Sijui, bibi. Siku ile tulianguka pamoja. Mimi ndiye niliyeinuka."

Je, alikuwa anafanya hila? Khamisa amejiuliza swali hilo mara nyingi baadaye. Alimkazia macho ndugu yake atafute hata kope moja ya kumwashiria, tulia dada, najua nifanyalo. Hakuipata. Uso wa Badar ulikuwa uso wa mtu aletaye salamu kutoka mbali, anayeogopa kuzikosea.

"Kanituma," alisema Badar. "Kasema nikimfikia mama yake nimwombee radhi. Kwa kukaa mbali. Kwa kukutia hofu kila wiki. Na kwa kutosoma."

"Kwa kutosoma!" Bi Kaltham akacheka, na kicheko kikageuka kilio palepale, kilio cha sauti, ambacho hakukilia siku ya kuanguka wala siku ya mvuje. Khamisa akamkumbatia. Mama akamsukuma kwa upole, akajifuta kwa ncha ya kanga, akamnyooshea mkono Badar.

"Njoo karibu. Sikiliza vizuri, baba, hii amana. Mwambie n'memridhia, duniani na akhera. Kulala kwake na kuamka kwake. Mwambie hakunikimbia yeye, mimi n'lompeleka, na kila siku n'najuta. Mwambie mlango sijaufunga. Umepokea?"

"Nimepokea, bibi."

"Sema."

"Umemridhia duniani na akhera, kulala kwake na kuamka kwake. Ulimpeleka wewe. Mlango hujaufunga."

"Haya." Mkono wa mama ulipanda wenyewe mpaka kwenye sikio la Badar, lile lililofumuka na kusinyaa kwa kusuguliwa na vichwa vya watu, akalishika baina ya vidole. "Maskini, sikio lako. Na wewe una mama?"

"Ninaye."

"Yuhai?"

"Yuhai, bibi."

"Basi mwende. Usimkalie mbali kama wangu alivyonikalia."

Kisha akafungua kikopo chake, akatia kwenye makaa udi wenyewe, ule wa ambari na siri zake. Akamfukiza Badar kwa mkono wake, kofia, kifua, mpaka ndani ya pindo la kanzu, kama afukizwavyo mgeni wa heshima. Na udi ukishapita, hakuna kukaa. Wakaaga.

Khamisa aliendesha huku analia, na kulia kwenyewe hakukujua kama ni furaha. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Wamezipata, basi. Kwa mlango wa nyuma, lakini radhi ni radhi; Mungu hamwulizi mtu kaingilia mlango gani. Walipoikaribia Al Qabil ndipo alipoweza kusema.

"Umezipata, Badar. Radhi zako. Umezipata."

Badar hakumgeukia. Viganja vyake alikuwa amevikunja mapajani, kimoja juu ya chengine, kama aliyeshika kifaranga.

"Usinisemeshe sana, dada," alisema. "Nina amana ya watu, isije ikanipotea."

Khamisa akamtupia jicho. "Amana ya nani?"

"Ya kijana mmoja. Mkubwa hivi. Mama yake kanipa maneno nimpelekee." Akayarudia maneno yote, moja baada ya jengine, hakuacha hata moja. Kulala kwake na kuamka kwake. Mlango haujafungwa.

"Na kijana mwenyewe anaitwa nani?"

Wakapita kituo cha mafuta, wakapita msikiti. "Jina litanijia," alisema Badar.

"Anaitwa Badar. Ni wewe. Ndugu yangu, ni wewe! Yule ni mama yako, na radhi ni zako!"

Badar akacheka kidogo, kwa adabu, kama anayemsahihisha mkubwa wake. "Badar ni mimi, dada. Mimi najijua. Huyo ni mwengine."

Khamisa akapunguza mwendo, maana barabara alikuwa haioni tena. Akajaribu mara ya mwisho. "Basi nipe mimi. Mimi namjua, n'tamfikishia."

"La," alisema Badar. "Amana haipokewi na mtu wa pili. Nitamkabidhi mwenyewe."

Gari zima lilikuwa linanukia udi wa mama yao. Ulikuwa kwenye viti, kwenye kanga ya Khamisa, kwenye pumzi yake. Udi wa Idi, wa harusi, wa kurudi skuli na kuutambua kutoka mwanzo wa kichochoro. Khamisa akamwuliza, kwa sauti ndogo, kama anasikia harufu yoyote.

Badar akavuta pumzi, akangoja, akatikisa kichwa.

"Yeye ndiye atakayeisikia," alisema. "Nitamjua kwa harufu hiyo."